Kadi ya Peponi

Kama wiki iliyopita hukulipata gazeti, au ulilipata likiwa limeshafungiwa maandazi, habari yenyewe ni hii. Zuhura, muuza viungo wa soko la Mawenzi, alikuta akaunti yake ya benki imekauka. Mtaji wote wa iliki na pilipili manga ulikuwa umeyeyuka, na kaburi la mama yake, Bibi Chausiku, kule Mkuyuni, halijaota hata jani.

Namba ya siri ya kadi aliijua yeye na mtu mmoja tu, mdogo wake Mansuri, fundi seremala. Huyo ndiye aliyetumwa ATM siku ya msiba akatoe fedha za sanda na mchele. Zuhura hakuuliza mara mbili. Alisema kikulacho ki nguoni mwako, akaenda kituoni, akamtaja. Mansuri alichukuliwa karakanani kwake akiwa na vumbi la mbao kichwani.

Ukoo ukawaka moto. Mzee Rehani, mkubwa wa ukoo, alipiga simu kutoka Mkuyuni kusema kwamba dada wa kumfunga ndugu wa tumbo moja hajawahi kuonekana milima hii. Zuhura akamjibu kwamba mwizi hana udugu, akakata simu. Tulimwacha hapo, amevimba kichwa, anajiona mshindi.

Ushindi wenyewe haukumaliza hata Jumatatu asubuhi.

Alikwenda benki kuchukua karatasi waliyoiomba polisi. Kijana wa kaunta, Deogratias, alimwamkia kwa adabu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Polisi wanataka kujua mdogo wangu alizitolea zile fedha mashine gani."

Deogratias aliangalia kompyuta yake, akakuna shavu, akaangalia tena.

"Hakuna mashine, mama."

"Hakuna vipi? Zimetoka kwa miguu?"

"Zimelipwa mtandaoni, kwa mikupuo. Kuna kampuni ya nje inayojidai inawatafutia watu kazi ng'ambo. Wewe si wa kwanza kuja na hilo jina hapa. Ni matapeli."

Zuhura alicheka, kicheko kile cha mtu anayeelezwa jambo la kipuuzi.

"Mansuri atafute kazi ng'ambo? Yule alifika Dodoma akageuza na basi lile lile. Alisema kuna upepo."

"Basi labda siye."

"Namba ya siri anayo yeye."

Deogratias alivuta pumzi. Aliiomba ile kadi, akaiweka juu ya kaunta.

"Mama, anayelipa mtandaoni haulizwi namba ya siri. Anaulizwa hizi namba ndefu za mbele, tarehe ya kadi kwisha muda, na hizi tatu za nyuma. Wengine hutuma na ujumbe kwenye simu yako kuhakikisha. Hawa wa nje hawakuhangaika na hilo."

"Kwa hiyo namba ya siri ninayoificha miaka yote hii ni ya nini?"

"Ya mashine."

Masikini Zuhura. Ile namba aliitunza kama hirizi. Akifika ATM alikuwa anaifunika mashine kwa kanga mpaka walio nyuma yake kwenye foleni wanadhani ananyonyesha. Lakini kadi yenyewe aliona ni kipande cha plastiki tu, kama kitambulisho cha kikoba. Alifunga dirisha kwa komeo na mlango akauacha wazi.

"Nani mwingine aliishika hii kadi?" Deogratias aliuliza.

"Hakuna."

"Hukuipiga picha ukamtumia mtu?"

"Niipige picha ya nini, imekuwa bwana harusi?"

Alipomaliza kusema hivyo aliitazama tena ile kadi. Kuna kitu kilimrudia, cha siku ya maziko.

Sasa, msomaji wa mbali, lazima uelewe kidogo mambo ya huku. Kwenye msiba wa Waluguru mtani ana ruhusa ambayo hata imamu hana. Watani wa ukoo ndio wanaochimba, wanaopika, wanaotukana, na wakitaka kitu chako wanakipora mpaka ukikomboe. Mfiwa akinuna, anazidishiwa. Na mtani wa ukoo wa kina Zuhura ni Mwanvita, mama mmoja wa Mwembesongo ambaye mdomo wake hauna breki.

Siku ya maziko Mwanvita alivaa kanga ya marehemu, akawa anatembea na kukohoa kama marehemu mwenyewe. Wafiwa wakawa hawajui walie au wacheke. Kisha akaunyakua mkoba wa Zuhura, akaumwaga jamvini, akaiona kadi. Akapanda juu ya kinu kilichopinduliwa.

"Jamani, Bi Chausiku hakwenda mikono mitupu," alitangaza. "Kadi yake ya peponi hii hapa. Malaika wa mlangoni akileta ubishi, mwenzenu anapitisha hii, mlango unafunguka."

Akaiinua juu. Akaionyesha mbele, akaionyesha nyuma, akaizungusha taratibu ili kila simu iliyokuwa inarekodi ipate haki yake. Zuhura mwenyewe alicheka mpaka akashika mbavu. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu mama yake afumbe macho, na alimshukuru Mwanvita moyoni. Akaukomboa mkoba wake, akairudisha kadi mahali pake, akasahau.

Pale kaunta alitoa simu, akaitafuta ile video kwenye kundi la ukoo. Deogratias aliisimamisha, akaivuta kwa vidole viwili, akaanza kusoma. Alizisoma namba za mbele zote. Alizisoma na zile tatu za nyuma.

"Hii imefika wapi, mama?"

"Wapi haijafika?" Zuhura alijibu kwa sauti ndogo. "Mkuyuni, Kinole, Dar. Kuna shangazi yetu Muskati amenitumia jana akidhani sijaiona."

"Basi aliyekuibia anaweza kuwa mtu yeyote. Kadi tunaifunga sasa hivi, na tutafungua madai, ila sikuahidi kitu. Huyo mdogo wako, mama, sioni kwa nini awe yeye kuliko mimi."

Zuhura hakuzisikia habari za madai. Alikuwa anamfikiria Mansuri amelala kwenye sakafu ya mahabusu tangu Ijumaa, kwa neno lake yeye. Hana ndugu mwingine wa tumbo moja duniani. Amemwonea. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, akatoka benki bila kuaga.

Hakwenda kituoni moja kwa moja. Alijua polisi watataka shahidi, na shahidi alikuwa Mwembesongo anakaanga mihogo.

"Mtani," Mwanvita alimpokea kwa mbali, "umekuja kunilipa? Nilimlilia mama yako mpaka nikapata mafua."

"Leo sitaki utani, Mwanvita."

"Asiyetaka utani ahame Uluguru."

Zuhura akamwonyesha video, akamweleza maneno ya benki moja baada ya jingine. Mwanvita aliacha kugeuza mihogo. 

"Mimi nilikuwa kazini," alisema.

"Najua."

"Na mtani hashtakiwi. Hata mababu hawakufanya hivyo."

"Sijaja kukushtaki. Twende ukawaambie polisi kwamba uliiinua, watu wote wakaiona. Wamwachie Mansuri. Kesho wanampeleka mahakamani."

Mwanvita aliepua karai, akawagawia wateja mihogo iliyoiva nusu na kuwaambia wamalizie kuipika majumbani kwao.

"Polisi naingia kama nani, mtani au shahidi?"

"Shahidi."

"Hiyo sijawahi kuwa. Niazime ushungi wako, nionekane mtu wa maana."

Kituoni walimkuta Afande Stefano, yule yule aliyepokea malalamiko ya Zuhura Ijumaa. Mwanvita alisimulia kila kitu, na palipohitaji vitendo alitenda, mpaka kukohoa kwa marehemu. Askari wawili mlangoni waligeukia ukutani wasionekane wanacheka. Stefano hakucheka. Alisubiri amalize.

"Nimekuelewa, mama," alisema. "Na ya benki nimeyaelewa. Tatizo mmechelewa. Mtuhumiwa amekiri leo asubuhi."

Zuhura alidhani amesikia vibaya.

"Amekiri nini?"

"Kwamba alizichukua namba za kadi yako akalipia mambo yake mtandaoni. Ameandika maelezo, ametia saini."

"Alilipa kampuni gani?"

"Anasema amelisahau jina."

"Afande, Mansuri anatumia kitochi. Ile simu haina hata kamera. Atalipaje mtandaoni?"

"Na mimi nilimuuliza hivyo hivyo. Akasema aliazima simu."

"Mmempiga."

Stefano hakukasirika. Alisema tu, "Hakuna aliyemgusa. Utamuuliza mwenyewe. Asubuhi binti yako alimletea chai, wakazungumza pale dirishani kitambo kirefu. Binti alipoondoka, ndugu yako aliniita, akasema naomba karatasi."

Akaagiza Mansuri aletwe.

Aliletwa akiwa pekupeku, anashikilia suruali kwa sababu mkanda walimvua. Vumbi la mbao lilikuwa bado limeganda kwenye nywele. Alipomwona Zuhura aliinamisha kichwa kidogo, kama alivyofanya kila siku ya maisha yake.

"Shikamoo dada."

Zuhura alishindwa kusema marahaba. Machozi yalitangulia.

"Mansuri, nimetoka benki. Si wewe. Nisamehe, mdogo wangu."

"Nimeshakusamehe. Nenda nyumbani."

"Siendi popote. Kwa nini umekiri kitu ambacho hata ukitaka kukifanya hukiwezi?"

"Dada, usichimbe."

"Nachimba. Nimekuleta mimi hapa, nitakutoa mimi."

Mansuri alikaa kwenye benchi. Alimtazama Mwanvita, na Mwanvita, ambaye hajawahi kukosa la kusema hata kaburini, akageuza uso.

"Nasra wako alipovunja kioo cha jirani, yule jirani alimfuata nani?" Mansuri aliuliza, taratibu tu, kama anazungumzia hali ya hewa.

"Wewe."

"Baba yake alipoondoka, ada alilipa nani?"

"Wewe, Mansuri. Unanisimanga?"

"Sikusimangi. Nakuuliza. Kwetu mtoto wa dada akiharibu, anayeitwa ni nani?"

Swali hilo kila Mluguru analijua jibu lake tangu hajaota meno. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mwanaume wa ukoo huo ni mjomba. Baba ni mgeni wa kuheshimiwa, anakaribishwa na anaagwa. Mtoto akioa anaulizwa mjomba, na akiiba pia anaulizwa mjomba.

"Basi nimeitwa," Mansuri alisema, "nami nimeitika."

Zuhura ana mtoto mmoja tu.

Alishika ukingo wa meza. Nasra. Binti aliyemaliza chuo, akakaa nyumbani mwaka wa pili bila kazi, anamsaidia kupima karafuu kwenye vifuko na kujibu ndiyo mama kwa kila kitu. Na yeye Zuhura kila jioni hakuacha kumchoma. Wenzako wako Uarabuni wanawatumia mama zao, wewe unanitumia mimi. Alilisema kama mzaha. Sasa alilisikia upya, na lilimuuma kama limesemwa kwake.

"Amekwambia nini?" aliuliza, akainama ili Stefano asisikie.

"Ameliwa, dada. Walimwahidi kazi ya hoteli. Namba alizisoma kwenye ile video ya Mwanvita. Alipolipa mara ya kwanza wakamwambia bado ya tiketi, alipolipa ya tiketi wakamwambia bado ya kibali. Alidhani akifika atakurudishia kabla hujajua. Halafu wewe ukanitaja mimi, na yeye akaogopa kusema."

"Ameogopa, akakuacha wewe ulale humu?"

"Alishindwa kulala. Asubuhi alilia pale dirishani mpaka chai ikapoa. Nimemwambia anyamaze, nitalibeba."

"Unajua watakupa nini?"

"Vyovyote watakavyonipa nitatoka, nitashika randa yangu. Mbao haiulizi umetoka wapi. Yeye akifungwa, nani atampa kazi tena, nani atamwoa?" Sauti yake ilitetemeka hapo kwa mara ya kwanza. "Mimi ulinitaja bila kuniuliza, dada. Sikulalamika. Yeye usimtaje."

Zuhura alitaka kumkumbatia na alitaka kumpiga kibao. Alimchukia Nasra kwa muda mfupi, na chuki hiyo ilimtisha kuliko selo yenyewe.

Afande Stefano alikohoa.

"Mama, mimi si jiwe, naona kuna jambo kati yenu. Lakini nina jalada lililofunguliwa, tena ulilifungua wewe. Ninyi mnasema si yeye. Yeye anasema ni yeye. Yakibaki hivi, kesho anasimama mbele ya hakimu na maelezo haya. Ukiwa na maelezo mengine yaandike sasa. Ila ukiandika kwamba si yeye, nitakuuliza ni nani."

"Niandike mimi," Mwanvita alidakia. "Mimi ndiye niliyeiinua kadi. Bila mimi nani angeziona hizo namba?"

"Kuinua kadi si kuiba, bibi."

"Basi andika nilikuwa nimeiiba. Mkoba niliupora mbele ya watu, mashahidi ni kijiji kizima."

"Ukakombolewa. Huo ni utani." Stefano alisema hivyo bila kutabasamu, maana naye ni mtu wa Matombo na anazijua mila. "Ninachokitafuta mimi ni mtu aliyelipa."

Mansuri alimkazia macho dada yake. Alitikisa kichwa kidogo tu, kuomba.

Mlango ukafunguliwa. Nasra aliingia na hotipoti ya chakula cha mchana mkononi, ushungi umemkaa upande, macho yamevimba. Aliwaona wote watatu kwa pamoja, mama yake, mjomba wake na Mwanvita, na hatua zikamwisha katikati ya chumba.

"Shikamoo afande," alisema. "Shikamoo bibi."

Hakumwamkia mama yake. Alisimama kama mtoto aliyesubiri fimbo muda mrefu na sasa anaona ni heri ije.

"Weka chakula hapo, mpwa wangu, urudi nyumbani," Mansuri alimwambia haraka. "Dukani hakuna mtu."

Nasra hakuweka chakula na hakurudi nyumbani. Alibaki anamtazama mama yake tu.

Zuhura alimtazama aliyemzaa. Akamtazama aliyezaliwa naye. Mwaka mzima wa mbele ungeweza kupita pale asimpate wa kumshauri, kwa sababu aliyekuwa anamshauri wamemfukia kule Mkuyuni, na simu ya Mzee Rehani aliikata yeye mwenyewe.

Alifuta uso kwa kiganja, akavuta kiti, akakaa mbele ya meza.

"Afande, lete karatasi," alisema. "Nina maelezo."

"Dada," Mansuri aliita kutoka kwenye benchi.

Zuhura hakugeuka. Stefano alifungua ukurasa mpya, akajaribu kalamu pembeni mpaka ikaandika, akainua macho.

"Haya, mama. Jina kamili la mtuhumiwa."